Kidomo na Mvumo wa Njiwa

"Asiyeamini anyanyue bawa," Kidomo huwaambia vifaranga kila anapowasimulia jinsi alivyowaokoa.

Kidomo ni kanga kijana, mlinzi wa kundi: mwewe akitokea, yeye ndiye anayepiga kelele. Juu ya kichwa chake, mtini, Njiwa alikuwa akivuma kutwa bila kupumzika, mmm, mmm.

"Bibi, unanibana koo," Kidomo akamwambia. "Mvumo wako unanituliza mno, siwezi kupiga kelele mpaka nitishike kwelikweli. Hebu nyamaza usikie sauti ya mwanamume."

"Haya, mjukuu wangu," Njiwa akajibu, akanyamaza.

Jani likadondoka. Kidomo akapiga kelele, na kundi zima likaitikia. Kelele zao wenyewe zikawatisha, wakazidi kupiga. Panzi aliporuka, wote walianguka miguu juu wakitetemeka, sauti zimewakauka. Hapo ndipo mwewe mwenyewe alipotokea, akawazungukia vifaranga, na hakuna aliyeweza hata kulia.

Njiwa akaanza kuvuma tena, polepole kama zamani. Mitetemeko ikatulia, koo la Kidomo likafunguka, akapiga ukelele mmoja wa maana. Vifaranga wakakimbilia kichakani, mwewe akaenda zake na njaa.

"Mnaona shujaa wenu?" Kidomo humalizia, akijitutumua.

"Na mkia wako uko wapi, kaka?" kifaranga mmoja alimuuliza juzi.

Kidomo akakohoa kidogo.

"Hapo nimeruka kipande cha hadithi," akakiri. "Kesho yake nilimwomba Bibi avume kwa nguvu zaidi, tutulie kabisa. Tukasinzia wote. Mwewe aliponinyofoa manyoya ya mkia, mimi nilikuwa naota nampiga."