Hodi ya Bi Sikitu

Masikio ya bandia ya Bi Sikitu hayakuamka kwa programu huria ya mtaa mpaka alipokubali leseni ya kiendeshi cha siri, kijiprogramu cha kampuni iliyoyatengeneza, ambacho mtu haruhusiwi kuchungulia ndani yake. Asubuhi hiyo, baada ya miaka tisa ya ukimya, alimsikia jirani yake, Mama Nyamizi, akitwanga kisamvu. Akaenda mbio kugonga.

"Hodi, shoga! Nasikia!"

Mchi ukanyamaza. Kujua, Bi Sikitu alijua sheria ya mtaa: mwenye kiendeshi cha siri hasemeshwi, maana haijulikani kinamsikilizia nani. Alidhani sheria hiyo ni ya wageni tu.

"Hodi!"

Jana tu walipiga soga kwa mikono hadi adhuhuri. Leo alisikia komeo la mlango likisukumwa taratibu kufungwa, na mtu asiyetaka kusikika.