Kitabu cha Marehemu Leonsi

Katika mji ule, kaburi liliandikwa jina iwapo tu maktaba ilipendekeza kwa wasomaji kitabu cha maisha ya marehemu. Agripina alisubiri huku mkutubi, Bi Jovitha, akikifunga kitabu kipya cha mumewe Leonsi, fundi cherehani.

“Pole, mama. Alishona, akaoa, akafa. Nani atakisoma?”

“Alikuwa mwema sana.”

“Wema hausomwi.”

Agripina aliinama, akatazama mikono yake. “Ongeza kwamba alikuwa akinipiga.”

“Alikupiga kweli?”

“Andika tu, mwanangu.”

Kitabu kilipendekezwa wiki iliyofuata, kikasomwa mji mzima. Wanawake wa kanisani walimkumbatia Agripina wakilia. Jina la Leonsi likachongwa kaburini.

Jumapili binti yao, Koku, aliingia na kitabu mkononi, akaishusha picha ya baba yake ukutani.

“Miaka yote hiyo! Mbona hukutuambia, mama?”

Agripina alijua kuwa akikana, kitabu kitaondolewa na jina litafutwa.

“Sikutaka mmchukie,” alisema.

Koku aliichana picha, kisha akamkumbatia mama yake, akamwomba msamaha kwa kumpenda baba.