Waya Usio na Kazi

Pampu ya kutoa maji ilizima katikati ya Mto Kilombero, boti yetu ikiwa imejaa mpunga na watu wa Michenga. Maji yakaanza kulowesha magunia.

Waya wa pampu ulikuwa umeungua. Baba akanitazama. Siku nilipofunga umeme wa boti, nililaza waya mwingine wa akiba kando ya ule wa pampu. Siku ile alicheka, akauita waya usio na kazi.

Sasa nikabandua tepu kwenye ncha zake kwa meno, nikauunganisha. Pampu ikakohoa, ikatema maji mtoni.

"Fundi wenu nani?" abiria mmoja akauliza.

Baba akakaa vizuri kwenye usukani. "Huyu hapa, binti yangu Eveline. Huo waya tuliufikiria sisi wawili."

Nikamwachia nusu yake ya sifa.