Wimbo wa Akeyo

"Wezi!"

Okwach alijikuta amesimama katikati ya ukumbi, huko London, fidla zikiendelea kulia jukwaani. Wazungu waligeuka kumtazama. Bibi mwenye nyumba aliyopanga, ambaye ndiye aliyemnunulia tiketi, alimvuta koti.

"Kaa chini, tafadhali. Umepatwa na nini?"

"Huo wimbo ni wa baba yangu!"

Hakukaa. Alikichana kikaratasi chenye majina ya watunzi bila kukisoma, akapita akiwakanyaga watu miguu mpaka mlangoni.

Ulikuwa wimbo wa mama yake, Akeyo. Kule Mkuyuni, Mwanza, nani asiyejua kwamba baba yake, dobi Ojuok, aliutunga mwenyewe, akautilia maneno ya Kijaluo, akauimba siku saba mfululizo nje ya ua wa kina Akeyo? Wakati huo Akeyo alikuwa ameshaposwa na mwalimu Odeta, mwenye baiskeli na nyumba ya bati. Akamkataa mwalimu.

"Bati wanalo wengi," alimwambia baba yake. "Wimbo wenye jina langu anao nani?"

Baba yake hakusema naye miaka minne. Akeyo hakujuta. Hadi leo, mwaka 1957, huuimba akianika nguo za wateja, na majirani hunyamaza kumsikiliza.

Na sasa Wazungu wameuvalia suti nyeusi, wanapigiwa makofi!

Okwach aliandika barua usiku ule ule. "Baba, pamba yetu wanaichukua kwa bei wanayotaka wao. Sasa wamechukua hata wimbo wa mama. Sikuja huku kusoma sheria bure. Nitawafikisha mahakamani. Niandikie mwaka ulioutunga, mahali, na majina ya waliokusikia. Mama naye atatoa ushahidi."

Akasubiri. Wiki tatu nzima aligombana na kila mtu darasani. Nyumbani alikataa chai. Bibi mwenye nyumba alipomwambia kwa upole kwamba huenda kuna kosa mahali, alimkata kauli.

"Kosa ni lenu, tangu siku mlipofika kwetu!"

Jibu la baba lilipofika, Okwach aliipasua bahasha pale pale mlangoni. Alitazamia kurasa. Ilikuwa mistari michache tu, kwa mwandiko wa Ojuok mwenyewe:

"Mwanangu, namshukuru Mungu barua yako niliipokea mimi. Nimeichoma. Kabla sijaoa, nilikuwa nikipiga pasi kwa daktari mmoja Mzungu kule mlimani, naye alikuwa na santuri ya fidla hizo hizo. Kesi hiyo achana nayo. Na nakuomba, kwa jina la Mungu, mama yako asijue."