Shati Hili Tu

Siku ya kumi na mbili, kinyozi alimwekea dobi simu usoni na kumwonyesha orodha ya mechi za jioni. "Angalia tu, ndugu yangu. Kuangalia si dhambi."

Dobi aligeuza uso, akakandamiza pasi kwenye kola na kusema kimoyomoyo: Bwana, shati hili tu. Ombi lake lote lilikuwa hilo. Hakuthubutu kumwomba Mungu mwezi mzima, wala siku nzima. Mtu aliyeuza cherehani ya mkewe ili akabeti hana uso wa kuomba makubwa. Aliomba nguvu za kumaliza shati moja bila kukimbilia duka la kamari. Likiisha, aliomba la pili.

Na mtu asidhani ilikuwa rahisi. Huyu ndiye aliyeuza suti ya bwana harusi asubuhi ya harusi yenyewe, mwenye suti kasimama mlangoni na soksi zake anaisubiri. Alicheza ada ya watoto, akacheza kodi ya nyumba, na siku mkewe alipofungasha akaenda kwa kaka yake, jioni hiyohiyo alibeti tena. Kesho yake ndipo alipojitupa mbele ya kanisa zima akalia kama mtoto. Mkewe akatoa sharti moja: siku mia bila kamari, naye atarudi na watoto. Isipungue hata moja.

Kikundi cha maombi kilimpokea kwa mikono miwili. Kila Jumatano walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba mpaka jasho likawatoka. Walimpenda jamani, ila upendo wao ulikuwa wa zamu. Kinyozi alimganda wiki ile ya pili, halafu akapotea moja kwa moja. Mama wa kwaya aliibuka siku ya arobaini na kibunda cha noti, akamwachia amtunzie hadi kesho, eti hajui hata ni ngapi. Kesho yake alirudishiwa zote, akaondoka bila asante.

Siku ya sitini na moja ilikuwa ya mzee wa kanisa. Alimtuma apeleke suruali mlango wa pili kutoka duka la kamari, na amsubiri palepale kwenye benchi. Dobi alikaa saa mbili macho kwenye vidole vya miguu yake, akiomba, huku nyuma yake watu wakishangilia magoli. Mzee alipofika akamkuta salama, alinuna siku nzima.

Dobi hakuona ubaya. Aliamini ni Shetani anayewatumia watu wema bila wao kujua, akazidi kuwaombea kwa majina.

Siku ya tisini na tisa, mchana, akaja mkewe. Dobi alipomwona mlangoni nusura aichome mikono yake na pasi. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani analolipenda mumewe, na akamwita Baba Watoto, jina ambalo masikio yake hayakulisikia tangu siku aliyoondoka. Kisha akatoa mkobani simu ya mumewe, ileile aliyomnyang'anya akaenda nayo. Ilikuwa imejaa chaji.

"Kaa nayo leo," alisema. "Nitakupigia, watoto wakusalimie."

"Kaa nayo wewe mpaka kesho, mama watoto. Naiogopa."

"Mimi nakuamini. Wewe hujiamini?"

Angekataa vipi? Mke aliondoka, simu ikabaki juu ya meza ya pasi. Hazikupita dakika tano ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe: mechi, ofa, bahati yako leo. Mate yalimjaa mdomoni. Aliomba shati moja, akaliunguza. Akaomba la pili. La tatu likamshinda, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya sabuni na kumlilia Mungu mpaka koo likakauka.

Aliposimama aliichukua ile simu, akaitumbukiza kwenye beseni la mashuka na kuikandamiza chini mpaka ikazimika. Alijua watoto watapiga na hawatampata, na hilo lilimuuma sana. Lakini alirudi kwenye pasi akiwa mtu huru.

Siku ya mia ilikuwa Jumapili. Alitoa ushuhuda wake mbele ya wote. Kisha mchungaji akaruka kutoka kitini, akashangilia peke yake mpaka miwani ikamdondoka. Mkewe alikuwa benchi la mbele, kainamisha kichwa, machozi yanamtiririka. Dobi alimtazama, akasema moyoni kwamba hiyo ndiyo furaha.

Ibada ilipokwisha mkewe alimwambia anakwenda kuchukua watoto na mizigo. Mchungaji naye akamkumbatia dobi kwa nguvu, akavua koti lake lililolowa jasho. "Nifulie hili, mwanangu. Leo umenifurahisha kuliko unavyojua."

Dobi haloweki nguo bila kupekua mifuko. Anachokikuta hukitia kwenye bahasha na kumrudishia mwenyewe bila kukisoma. Siri za mifukoni hazimhusu. Lakini karatasi hii ilikuwa na neno DOBI juu kabisa, kwa herufi kubwa, na chini yake swali: Ataanguka siku ya ngapi?

Nje aliwasikia watoto wakimwita baba, baba, na begi likiburutwa kwenye kokoto.

Kinyozi: kumi na mbili. Mama wa kwaya: arobaini. Mzee wa kanisa: sitini na moja. Wote walikuwa wamekatwa kwa kalamu nyekundu. Mchungaji: anafika mia, hapo pamezungushiwa duara. Na juu kidogo ya jina la mchungaji, nalo limekatwa, kwa mwandiko uleule ulioandika barua zote za uchumba wao: Mama Watoto, tisini na tisa.