Saa ya Jumapili

Nyundo ilikuwa mezani, kati ya sahani ya karanga na chupa ya chai, na aliyeiweka hapo ni Danstan mwenyewe.

"Mzee Anastazi akisema ni feki," aliwatangazia watu waliojaa sebuleni kwake baada ya misa, "naiponda hapa hapa mbele yenu, na saa sigusi tena maishani."

Alisema hivyo kwa kuwa hakuwa na wasiwasi. Mtu mwenye akili zake habadilishi pikipiki nzima, tena yenye matairi mapya, kwa saa feki.

Pale Bugarama kila mtu aliujua ugonjwa wa Danstan. Ulianzia kwenye simu. Huku mpakani simu ikishanusa mnara wa Burundi inarudi nyuma saa nzima bila kuaga, kufuata majira ya kule, na kwa sababu hiyo Danstan alifika kwenye ubatizo wa mwanawe Suzan akakuta watu wanaosha sufuria. Siku hiyo aliapa kuuamini mkono wake tu. Akanunua saa moja, ikazaa ya pili, na hii sasa ilikuwa ya kumi na mbili.

Aliipata Nyakanazi, kwa dereva wa lori, pembeni ya banda la chipsi. Ya Uswisi. Nzito, baridi, na mshale wa sekunde haukurukaruka kama wa saa za wengine, uliteleza. Kwenye basi la kurudi viti vilikuwepo, lakini Danstan alisimama njia nzima akiwa ameshika bomba la juu, mkono wa shati umekunjwa hadi kiwiko, ili asiyeona aone.

Mkewe, Zita, aliitazama saa, akatazama ukutani mahali pikipiki ilipokuwa ikiegeshwa, akauliza swali moja tu:

"Na hii inabeba watu wangapi?"

Basi. Hakulalamika tena. Jumamosi za mazoezi ya kwaya akawa anakwenda kwa miguu, anatoka alfajiri, anarudi jua linazama, vumbi hadi magotini. Danstan alijisemea kuwa kwaya ile siku hizi inajituma kweli.

Saa yenyewe haikuvaliwa ovyo. Ilivaliwa Jumapili. Siku sita ilikaa kabatini, hata kuchunguliwa haikuchunguliwa, na ufunguo ulifichwa ndani ya kopo la majani ya chai jikoni, mahali ambapo Danstan aliona hakuna mtu angefikiria kupekua. Jumapili asubuhi aliitoa, akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akainusa. Ilikuwa na harufu fulani, kama ya dagaa.

"Chuma cha Uswisi ndivyo kinavyonuka," alimweleza jirani yake Xavery. Xavery, ambaye Uswisi hajawahi hata kuiona kwenye ramani, alikubali.

Sasa mzee Anastazi alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa. Alikuwa amekusanya saa tangu Danstan hajazaliwa, na neno lake lilikuwa la mwisho kutoka Biharamulo hadi Ngara. Aliivalia miwani. Akaipima kiganjani. Akaiweka sikioni.

"Uzito upo," akasema.

Sebule ikashusha pumzi.

"Mshale unateleza. Vizuri. Hizi hazina betri, unalijua hilo? Zinaishi kwa mkono unaotembea. Ukiilaza siku mbili, tatu, inazima. Wewe unaivaa kila siku?"

"Jumapili tu, mzee."

"Kwa hiyo kila Jumapili unaiamsha kwanza."

"Kuiamsha?" Danstan alicheka, akawageukia wageni. "Hii haijui kulala. Siku sita gizani, nikifungua naikuta inadunda."

Mzee Anastazi akavua miwani. Aliyekuwa akitafuna karanga akaacha.

"Na majira inashika?"

"Inarudi nyuma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Danstan akajikuna shingo. "Saa nzima. Kila wiki hiyo hiyo. Haizidi dakika, haipungui."

"Mwanangu." Mzee aliirudisha saa mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Hata zile zinazopangwa kwenye mkeka mnadani hazina aibu hiyo. Hapo ndani mna betri. Tena mbovu."

Xavery akasema, kwa sauti ya msibani, "Na matairi yalikuwa mapya."

Hapo watu walicheka hadi kochi likalia. Danstan hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta atakayesema yaishe, asimpate. Maneno yalikuwa yake, na katekista, aliyekuwa kati ya wageni, alikuwa ameyasikia. Akaiweka saa juu ya kigoda. Ilimwangalia kwa kioo chake kisafi, mshale ukiteleza bila habari. Akashika nyundo kwa mikono miwili, akafumba macho, akainua.

"Baba Suzan, ngoja."

Zita alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia ya vikombe. Aliiweka chini bila haraka, akaja hadi kwenye kigoda, akapandisha mkono wa kushoto wa sweta. Katikati ya ngozi iliyoungua jua, juu kidogo ya kifundo cha mkono, palikuwa na pete pana ya ngozi isiyopigwa jua, upana wa mkanda wa saa.

"Ukiiponda hiyo," akasema, "Jumamosi nikiwa sokoni Burundi nitajuaje muda wa kufunga dagaa wangu nirudi?"