Chini ya Mti Mwekundu

Kaburi lilikuwa limefagiwa tena.

Ashura alisimama na fagio lake mkononi, jasho la kupanda kilima halijamkauka. Mchanga ulikuwa na michirizi mibichi ya fagio la mtu mwingine. Maji yalikuwa yamenyunyizwa. Upande wa kichwani, kando ya jiwe, kimelazwa kishada cha mrehani, bado kinanukia.

"Huyu mwanamke hana haya," alisema peke yake.

Alikuwa akipanda hapa kila mwaka miyombo inapochipua majani mekundu na kilima chote juu ya Bangwe kikawa kama kinaungua. Ndio msimu wageni wanapokuja kwa makundi kupiga picha jumba kuukuu la enzi za Wajerumani. Abdulatif, mume wake, alikuwa mlinzi wa jumba lile. Kiangazi kimoja kikianza tu, umauti ukamkuta, akazikwa nyuma ya jumba hilo, wanapolala watumishi wa zamani.

Wanawake hawafuati jeneza. Ashura alibaki nyumbani Kasingirima, akaingia eda, na shemeji yake Abdulkarimu ndiye aliyemwelekeza, akisemea nje ya pazia: "Shemeji, tumemlaza chini ya mti mwekundu, upande wa ziwa." Kisha Abdulkarimu akavuka zake kwenda Kalemie kwenye biashara, na hajarudi. Ashura alipotoka eda, mvua za kwanza zikinukia, aliukuta myombo mmoja upande wa ziwa, mwekundu kuanzia shina hadi kilele, na kaburi chini yake. Hakuhitaji kuuliza mtu.

Mwaka wa kwanza alipokuta pamefagiwa, alishukuru. Mwaka uliofuata akakuta mrehani, akanuna mpaka Ramadhani. Mtu baki haletewi mrehani.

"Mwakeye, mama!" Alikuwa Bariki, mlinzi wa sasa, anakuja na funguo zake zikilia kiunoni.

"Mwakeye. Mwanangu, usinifiche. Nani anafagia hapa?"

Bariki akacheka. "Si Bi Nasra? Huyo anakuja kuliko wewe. Anakaa hapo chini, anaongea weee, mara analia, mara anacheka. Mama, hapa umezidiwa."

"Msichana?"

"Wa makamo. Ananukia udi mpaka getini."

"Sikukuuliza harufu."

"Haya, nisamehe. Kaenda bombani kuongeza maji, anarudi sasa hivi." Akaondoka kuwafungulia wageni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ashura akachuchumaa. Jiwe la kichwani lilikuwa na bonde katikati, laini kama ndani ya bakuli. Kila mwaka alichoma ubani, akaweka kiganja chake humo wakati wa kuomba dua. Leo alijiuliza ni kiganja cha nani kilichofika mara nyingi hivyo hata kulilainisha. Akazikumbuka zile Alhamisi ambazo Abdulatif alichelewa kurudi, akisema alikuwa Katubuka kwenye dhikri.

Siku ya msiba walimuuliza: "Bi Ashura, unamwachia radhi mumeo?" Akajibu mbele ya wanawake wote: "Nimemwachia, duniani na akhera." Sasa aliona aliharakisha. Kama kulikuwa na mke wa pili aliyefichwa, radhi ile ataitaka irudi, na Yasini ya leo haisomwi.

Kwa hasira akafagia upya palipofagiwa. Majani ya myombo, mchanga, mrehani, vyote akavikusanya akavitupa pale anapotupaga siku zote: kwenye kaburi la jirani, chini ya mti wa mkungu. Mkungu wenyewe ulikuwa kijani kibichi, majani mapana kama sahani, lakini chini yake kaburi lilikuwa limefunikwa na rundo la majani makavu ya zamani. Hapakuonekana ila kipande cha mti kilichochomekwa kichwani.

"Na huyu naye, maskini, sijui aliacha mke gani!" Kila mwaka aliyasema haya kimoyomoyo. Leo aliyasema kwa sauti, anayetaka kusikia asikie.

"Mrehani wangu uko wapi?"

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yake, dumu la maji mkononi.

"Ndio wewe," Ashura alisema. "Niambie tu, alikuoa lini?"

"Nani?"

"Abdulatif! Usijifanye."

Nasra akatua dumu polepole. "Dada yangu, hapa amelala mama yangu mzazi. Alikuwa mpishi wa jumba hili. Jiwe hilo ni lake, la kusagia ulezi. Kaka zangu ndio waliomwekea." Akainama, akapitisha mkono kwenye lile bonde, mbele na nyuma, kama mtu anayesaga. "Kumbe ni wewe! Kila msimu huu nakuta ubani hapa. Mimi nikajua marehemu baba alikuwa na mke mwingine, sasa anakuja kumchokoza mama hata kaburini. Nimekulaani, dada, Mungu anisamehe."

Ashura akainua macho kwenye majani mekundu ya myombo.

"Abdulatif yule mlinzi?" Nasra aliendelea. "Kaka zangu ndio waliomchimbia. Nakumbuka vizuri, niliwaletea maji wakichimba, kiangazi kinaanza, miyombo yote imechakaa, mkungu ndio umegeuka mwekundu mti mzima, majani yakiwaangukia humo humo kaburini." Akaonyesha kwa kidevu. "Yule pale. Masikini ya Mungu, hana mtu. Tena kuna mtu anakujaga kummwagia takataka."

Ashura akageuka. Juu ya rundo la majani, pale alipoutupa, mrehani ulikuwa bado unanukia.